Funika, Usifute

Asubuhi za Newala huanza kwa ndoo. Jua likichungulia juu ya bonde la Ruvuma, wanawake na watoto huwa wameshapanga ndoo zao kwenye bomba la mtaa, na maji yakitoka kidogo kidogo, watu husubiri na kupeana habari. Violet alikuwa miongoni mwao kila siku. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Alichota maji, akaenda shule, na shule ikiisha hakwenda kucheza rede na wenzake. Alikwenda studio ya picha ya mjomba wake.

Mjomba Gasper alikuwa amepiga picha kwa kamera ya filamu tangu ujana wake. Lakini miaka ile mambo yalikuwa yanabadilika. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi wa korosho walikuja na malori yao wenyewe, na minara ya simu ilianza kusimama vilimani. Mjomba naye aliuza korosho zake, akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, skana na printa. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu ya kutengeneza picha. Maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Mjomba alifundishwa kuitumia na fundi mmoja wa Masasi, akarudi nyumbani akijua nusu, na nusu nyingine akawa anaitafuta pamoja na Violet.

Siku ya Alhamisi alikuja mteja kutoka Kitangari, Mzee Benedikto. Alifungua kitambaa cheupe, akatoa picha ya zamani ya harusi. Katikati ya watu alisimama bibi mmoja mwembamba aliyevaa kanga ya maua.

"Huyu ni marehemu mama yangu, Dorika," alisema. "Jumapili tunaweka msalaba kaburini. Namtaka peke yake, awe mkubwa, watu wamwone. Hawa wengine waondoe. Wengi wao wako hai, hawana haraka."

Mjomba Gasper alicheka, akaipitisha picha kwenye skana. Alipotaka kubaki nayo, mzee alitikisa kichwa.

"Hapana. Hii ni moja tu. Mama mdogo Maria hataki ilale nje ya nyumba. Picha ya dada yake, anasema, si mgeni wa kulala kwa watu."

Basi mzee akaifunga picha ndani ya kitambaa chake, akaondoka nayo. Jumamosi jioni angekuja kuchukua kazi yake.

Baada ya mzee kuondoka, Mjomba alimwita Violet mbele ya kompyuta.

"Tazama," alisema, akionyesha mraba mdogo mweupe uliotokea kando ya picha. "Hiki mimi nakiita kifuniko. Ukibofya hapa kwanza, kisha ukapaka nyeusi kwa brashi, sehemu uliyopaka inafichika. Ukipaka nyeupe, inarudi."

"Inarudi kutoka wapi, Mjomba?"

"Haikwenda popote. Ukifunika wali kwa kawa, wali umekwenda wapi?"

"Uko pale pale."

"Basi. Kifutio ni kitu kingine. Kifutio ni kuku aliyepanda mezani. Akishadonoa, amedonoa. Kwa hiyo, funika, usifute. Na kabla ya yote, tengeneza nakala. Ile ya kwanza usiiguse."

"Nimeelewa," alisema Violet. Alikuwa ameelewa, kama mtu anavyoelewa kuogelea akiwa amekaa ukingoni.

Ijumaa Mjomba alikwenda Masasi kununua wino na karatasi za picha. Alimwachia Violet ufunguo. "Jaribu kifuniko kwenye nakala," alisema. "Ukishindwa, acha. Nitamalizia."

Alipotoka shule, Violet aliwasha kompyuta. Ilikuwa nzito siku hiyo, ikinguruma bila kufungua kitu. Akasema moyoni, nakala nitatengeneza baadaye. Akachukua brashi nyeusi, akapaka. Mstari mweusi ukapita juu ya kanga ya bibi kama lami. Alikuwa amesahau kubofya ule mraba mdogo kwanza, kwa hiyo alipaka picha yenyewe. Akarudi nyuma, akajaribu tena, lami ikaja tena. Mara ya tatu alitamani kulia. Kisha macho yake yakaangukia kifutio.

Kifutio hakikuwa na masharti. Alifuta bwana harusi, akafuta bibi harusi, akafuta watoto waliokaa chini. Ndani ya muda mfupi Bibi Dorika alikuwa amesimama peke yake, na Violet akajisikia fundi kamili. Ndipo alipoutazama uso wa bibi kwa karibu.

Uso ule ulikuwa na nembo, chale za Kimakonde. Kwenye paji la uso mistari ilipanda na kushuka kama meno ya msumeno, na mashavuni mpaka kidevuni ilipangwa pembe juu ya pembe. Violet alizijua nembo. Wazee wengi wa Kimakonde walichanjwa walipokuwa wadogo. Lakini shuleni wenzake waliwacheka wazee hao na kusema ni watu wa kale, na yeye Violet, mtoto wa Kimakonde, alicheka nao huku moyo ukimwuma. Na studioni wateja wote walitaka uso msafi, bila chunusi wala kovu.

"Nitamfanyia wema," alinong'ona. "Kesho kutwa watu wote watamwona."

Alichukua ile brashi ya kunakili ngozi, ambayo Mjomba huondolea chunusi za wateja, akachota ngozi laini ya shingoni, akaipaka juu ya mistari. Moja ikapotea, kisha nyingine. Alipomaliza, uso ulikuwa laini kama yai. Alihifadhi kazi yake. Kompyuta ikamwuliza jambo kwa Kiingereza, akabonyeza kitufe kile kile alichozoea kubonyeza.

Rafiki yake Kulwa alipita. Baba yake Kulwa alikuwa karani aliyehamishiwa Newala kutoka Shinyanga.

"Haa! Bibi kapendeza!" alisema Kulwa. "Kama wa kwenye kalenda!"

Violet alitabasamu. Lakini nyuma ya Kulwa aliingia Mama Justa, fundi cherehani wa barazani, aliyekuja kuomba mkasi. Akatazama kioo cha kompyuta.

"Huyu ni nani?"

"Bibi Dorika wa Kitangari, mama. Marehemu."

"Dorika?" Mama Justa alisogea. "Dorika nilimjua, alikuja sana kwa mama yangu. Nembo zake ziko wapi?"

"Nimezitoa. Nimemsafisha."

Mama Justa hakugombeza. Alimtazama Violet kwa huruma, na huruma ile ilimtisha Violet kuliko kofi. "Mwanangu," alisema polepole, "watoto wake watamtambuaje? Huyu si Dorika. Huyu ni mtu tu." Akachukua mkasi, akatoka.

Violet aligeukia kompyuta haraka. Akabonyeza kurudi nyuma. Kidevu kikarudi na mistari yake. Akabonyeza tena. Programu ikagoma. Ilikumbuka hatua chache za mwisho tu, na zile za mwanzo ilikwisha kuzisahau. Wakati bado anatafuta njia, taa ikazimika, feni ikasimama, na kioo kikawa cheusi. Umeme ulikuwa umekatika. Hata kile kidevu kikaenda.

Umeme uliporudi, Violet alifungua picha. Uso ule laini ukamtazama. Nakala haikuwepo. Picha ya kwanza haikuwepo. Alikuwa amehifadhi kazi mpya juu ya ile ya zamani, kama mtu aliyemwaga maji ya kunywa ili aweke ya kuoshea.

Mjomba alirudi jua likizama, nywele zimejaa vumbi jekundu la njiani. Alikuwa amechoka, lakini alitabasamu na kutoa kitu mfukoni. Ilikuwa kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili.

"Nimeiona Masasi, nikakukumbuka," alisema. "Yale maneno ya programu yasikusumbue tena. Vipi kifuniko?"

Violet aliishika kamusi kwa mikono miwili.

"Bado kidogo, Mjomba."

"Vizuri. Pole pole. Kesho tutamaliza pamoja."

Usiku ule Violet hakumaliza chakula. Na asubuhi kwenye bomba ndoo yake ilijaa, ikamwagika, na yeye ameduwaa, mpaka mama mmoja akamfungia bomba na kumtwisha bila kumwuliza neno. Violet aliona haya kutendewa wema. Kila aliyemtendea wema tangu jana, aliona kama anamdanganya.

Jumamosi hakukuwa na shule. Mjomba alikwenda kutafuta petroli ya jenereta ndogo ya studio, kwa kuwa umeme haukuaminika. Kulwa akaja, akasikia kila kitu.

"Sasa shida iko wapi?" alisema Kulwa. "Zichore! Mistari tu, nani atajua?"

Violet alitaka sana neno hilo liwe kweli. Alichukua brashi nyembamba, akajaribu kukumbuka. Meno ya msumeno yalikuwa mangapi? Yalianzia wapi? Akachora mashavuni. Kulwa akaanza kucheka.

"Umemtia ndevu za paka!"

Kisha Kulwa aliuona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. Violet aliziondoa ndevu zile. Aliona kuwa sasa alikuwa ametaka kuwapa watu wa Kitangari nembo za uongo, wazisimamishe mbele ya kaburi na kuzililia.

Mjomba aliingia na dumu la petroli. Kulwa akaaga haraka. Violet alisimama.

"Mjomba, nimeharibu picha ya Bibi Dorika. Nilifuta kwa kifutio. Nikamtoa hata nembo, nikidhani namfanyia uzuri. Nikahifadhi."

Mjomba Gasper aliweka dumu chini. Akatazama kioo kwa muda.

"Na nakala?"

"Sikutengeneza."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

Machozi yalimtoka. "Ulikuwa umeniletea kamusi."

Mjomba alijifuta uso kwa kiganja. Aliketi, akainuka, akachukua ufunguo wa pikipiki. "Haya. Twende Kitangari tukaombe picha."

"Na mimi?"

"Hasa wewe. Mimi nitaeleza nini? Sikufuta uso wa mtu."

Njia nzima Violet alikuwa akitunga maneno, na kila kilima kikimpokonya machache. Walipofika kwa Mzee Benedikto, uani palikuwa na wanawake waliokuwa wakitwanga mihogo ya kesho. Kwenye jamvi alikaa bibi mmoja mfupi, akipepeta unga. Alipoinua uso, Violet alishtuka. Paji la uso lake lilikuwa na meno yale yale ya msumeno.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu yule bibi, ambaye ndiye Bibi Maria. "Mbona midomo mikavu hivyo? Mpeni mtoto maji."

Maji ya Kitangari huja kutoka mbali, juu ya kichwa cha mtu. Violet alipewa kikombe kilichojaa mpaka juu. Alikunywa, kisha akasema yote, kuanzia nakala aliyoiacha mpaka ndevu za paka. Michi ikanyamaza kwenye vinu.

Mzee Benedikto alisimama. "Mama yangu hakuwa na uso mchafu," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikwaruza. "Kwa hiyo kesho nitawaonyesha watu nini? Nani huyo mliyemtengeneza?"

"Kosa ni la studio yangu, Mzee," alisema Mjomba Gasper.

"Benedikto, kaa," alisema Bibi Maria. "Mtoto amekuja mwenyewe kusema. Wangapi wangekuja?" Akamshika Violet mkono, akaupeleka mpaka kwenye paji la uso wake. Vidole vya Violet viligusa mistari. Ilikuwa imeinuka kidogo, kama mshono.

"Hii tulichanjwa siku moja, mimi na dada Dorika," alisema bibi. "Alitangulia yeye. Hakutoa sauti hata kidogo, kusudi mimi nisiogope. Tulipokuwa wazee ndipo aliponiambia kuwa siku ile alitamani kulia mpaka wasikie ng'ambo ya Ruvuma. Unaona? Ukifuta hii, umefuta na siku ile."

Violet alilia. Bibi Maria alimwacha alie, kisha akajipangusa unga mikononi na kuagiza kanga yake ya kutokea.

"Mama mdogo, unakwenda wapi?" aliuliza Mzee Benedikto.

"Newala. Picha hii haiendi peke yake tena."

Walipanda pikapu ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akielekea mjini, bibi na mzee mbele, picha ikiwa mapajani. Mjomba na Violet walifuata kwa pikipiki. Walipofika, umeme ulikuwa umekatika. Mjomba akamimina petroli kwenye jenereta, akavuta kamba mpaka ikakohoa na kunguruma.

"Petroli hii haitoshi mpaka jioni," alisema. "Tufanye mara moja."

Skana ilipitisha mwanga wake juu ya picha. Uso wa Bibi Dorika ukarudi kwenye kioo na nembo zake zote. Violet aliinuka ili Mjomba akalie kiti.

"Aliyefuta ndiye akae," alisema Bibi Maria, akivuta kigoda karibu.

Mjomba akaitika kwa kichwa. Violet akaketi. Jenereta ilikohoa nje. Akatengeneza nakala. Akaipa jina. Akafungua kuona kama ipo kweli. Kisha akaweka kifuniko, na kabla ya kugusa brashi akabofya ule mraba mdogo mweupe. Akapaka nyeusi.

Bwana harusi akatoweka.

"Eh!" alisema Bibi Maria. "Stefano kaenda wapi?"

"Amefunikwa tu, bibi. Yupo."

Akaendelea, akizunguka taratibu pembeni mwa kanga ya maua. Mkono ukateleza. Brashi ikaruka ndani, na bega la Bibi Dorika likakatika.

"Umemkata dada yangu!" Bibi Maria alimkamata mkono. Mzee Benedikto alisimama. Mjomba naye aliinua mkono kuelekea kipanya, kisha akaurudisha mfukoni.

Violet alivuta pumzi. Akageuza rangi ikawa nyeupe. Akapaka pale pale. Bega likarudi, na ua la kanga likarudi juu ya bega, zima, kama halikuwa limeguswa.

Bibi Maria aligusa bega lile kwenye kioo. Kisha akasema, "Hebu mfunike tena."

Violet akapaka nyeusi.

"Mrudishe."

Akapaka nyeupe.

"Kumbe yupo," alisema bibi, macho yakimlengalenga. "Mfunike te..."

"Bibi, petroli!" alisema Mjomba, na wote wakacheka, hata Mzee Benedikto, ingawa yeye alijaribu kukohoa badala yake.

Violet alimaliza. Usoni hakugusa kitu. Printa ikaanza kutoa karatasi kidogo kidogo. Kwanza nywele, halafu paji la uso na meno ya msumeno, halafu macho. Violet aliihesabu mistari ile kimoyomoyo, akiomba jenereta isizime. Kidevu kilitoka, kanga ikatoka, karatasi ikaanguka kwenye trei. Mjomba aliipuliza wino ukauke, akampa Mzee Benedikto.

Mzee alivua kofia. Aliitazama picha kwa muda, midomo ikicheza.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nje jenereta ilikohoa mara ya mwisho, ikazima.

Bibi Maria alimgeukia Violet.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ukiona alama kwenye kitu cha mtu, uliza kwanza ndipo usafishe. Wema usioulizwa unaweza kumwumiza mtu. Na ukikosea, sema kungali mapema. Ungenyamaza mpaka kesho, tungelia mbele ya mtu tusiyemjua, na dawa isingekuwepo tena. Leo ilikuwepo kwa sababu ulisema."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe. Na wewe Mzee, nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe," alisema Mzee Benedikto, akiifunga ile picha ya zamani ndani ya kitambaa chake. "Lile bega ndilo lililonifanya nisamehe. Nilikuona ulivyolirudisha."

Bibi Maria alikuwa amesogeza kigoda mbele ya pazia la studio. Akajitanda kanga vizuri, akaketi wima, akamwashiria Mjomba Gasper achukue kamera.

"Sasa na mimi nipigwe ningali hai," alisema. "Na wewe Violet, usinipunguze kitu."

"Hata chunusi, bibi?"

"Chunusi! Nizitoe wapi uzeeni, mtoto wa jana wewe?"

Akacheka, na Mjomba akampiga picha katikati ya kicheko.